Risala ya wahitimu wa mafunzo ya uhudumu wa vinywaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sake, 1 Oktoba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, meza kuu, walimu wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu siku hii ambayo Japani huiadhimisha kama Siku ya Sake, pombe yao ya mchele, tangu 1978. Tuna jambo moja la kukueleza: sake imeshapigiwa debe vya kutosha, kilichobaki ni kuitunza ikishatoka kiwandani.

Sifa inazo. Tangu 2015 jina "nihonshu", yaani sake ya Japani, linalindwa: mchele uwe wa Japani, na kazi yote ifanyike Japani. Desemba 2024 UNESCO ikauingiza ufundi wake kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Lakini nyumbani kwenyewe unywaji umeporomoka, na kinachouzwa leo hakifiki theluthi ya kile cha miaka ya 1970. Jiji la Kyoto lilifikia hatua ya kuanza kutumia sheria ndogo mwaka 2013 kuhimiza watu wagonganishe glasi kwa sake. Sawa, ila hakuna sheria ndogo itakayomrudisha mteja aliyepewa sake iliyoharibika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, anayeijua togwa ataelewa upesi. Togwa inategemea kimea cha ulezi kugeuza wanga kuwa sukari. Mchele uliokobolewa hauchipui, kwa hiyo Wajapani hutumia koji, yaani wali wa mvuke uliooteshwa ukungu maalumu kwa siku mbili hivi. Koji inatoa sukari, hamira inaila, yote ndani ya pipa moja kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kilevi hukaribia asilimia 20 bila kukenekwa, kisha maji huongezwa hadi 15 au 16. Kwa daraja la ginjo, mchele hukobolewa hadi ibaki asilimia 60 au pungufu. Daiginjo, 50 au pungufu. Hapo huchachuka kwenye baridi ya nyuzi 10 hivi kwa takriban mwezi mzima ili kupata harufu ya matunda. Mhudumu akiipasha hadi nyuzi 55, kazi ya mwezi inapotea mezani kwa dakika chache.

Inayofaa kupashwa ni junmai ya kawaida, yaani sake isiyoongezwa kilevi, au honjozo, iliyoongezwa kilevi kidogo. Chemsha maji, zima moto, tumbukiza tokkuri, chupa ndogo ya kumiminia sake, ya mililita 180 hadi maji yafike shingoni. Usiijaze pomoni, sake ikipata moto hupanda. Baada ya dakika mbili au tatu weka kipimajoto: nyuzi 40 ni vuguvugu, 45 inafukiza, 50 ni moto. Maikrowevu huunguza shingoni huku chini kukiwa bado baridi, na mteja hulaumu kiwanda.

Adui mkubwa ni mwanga. Chupa iliyopangwa dirishani ili ipendeze hubadilika rangi na harufu. Ghala lenye joto nalo huleta harufu ya mboga iliyolala. Sake ya nama, ambayo haikupashwa moto kiwandani kuua vijidudu, ikae kwenye friji nyuzi 5 au chini, maana vimeng'enya vyake bado vinafanya kazi. Chupa isimame, isilazwe kama mvinyo.

Wapo wageni wasiokunywa pombe, nao wasiachwe nje ya utamaduni huu. Wali, koji na maji vikikaa nyuzi 55 hadi 60 kwa saa 8 hivi hutoa amazake, tamu na isiyo na kilevi. Joto likizidi 70 vimeng'enya hufa na utamu hautoki. Likishuka sana inageuka chachu. Tahadhari: ipo amazake nyingine ya machicha ya sake, hiyo ina kilevi kidogo, na mgeni aambiwe kabla hajanywa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tangu 2021 Japani inatoa leseni mpya kwa sake ya kuuzwa nje, kwa hiyo chupa zitazidi kusafiri. Tunaomba utufikishie kwa watengenezaji mambo mawili. Lebo ya nyuma ieleze kwa namba joto la kuhifadhia na la kunywea. Na chupa za mililita 300 ziletwe kwa wingi, kwa sababu ile ya lita 1.8 ikifunguliwa kwenye baa yenye wateja wachache hukaa wiki nyingi, na anayekunywa mara ya kwanza huonjeshwa mabaki.

Tunaomba kuwasilisha.