Msimu wetu wa michezo wataka kukatwa

Chake Chake, Pemba
Mfunguo Nne

Shoga yangu wa Fuoni,

Asalaam alaykum. Hujambo, watoto hawajambo, mama mkwe na mguu wake? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Kusi inavuma, nguo hazitulii kambani, na pweza kashuka bei. Najua kimya chako hakina chuki, na changu pia. Ulihamishwa, ukapewa darasa lililojaa watoto, mimi nikabaki na kikundi chetu cha tamthilia, siku zikatupita. Hayo tutayazungumza tukionana, kwa chai na mkate wa ufuta. Leo nina jambo moja limenikaa kooni, na wa kumwambia ni wewe.

Uongozi umetuletea barua. Kuanzia mwaka mpya wa masomo kikundi kisitayarishe tena tamthilia ndefu. Kazi yetu itakuwa maigizo mafupi, dakika kumi hivi, kwa siku za wageni, mahafali na semina za miradi: malaria, udhalilishaji, usafi wa mazingira. Sababu zilizoandikwa ni muda na ukumbi. Barua yenyewe ina adabu, na wametia mstari mzima wa kutushukuru. Lakini nimeisoma hadi karatasi imelegea, na kila nikifika mwisho naona wanadhani tamthilia ni igizo la semina lililorefushwa tu.

Wewe ulikuwapo tangu tamthilia ya Mfalme Juha. Unakumbuka kwa nini tuliichagua? Ya Farouk Topan, Mzanzibari mwenzetu, imetoka 1971, ina mfalme mjinga wa kuchekwa na nafasi za watu wa kusimama jukwaani bila ya kusema mengi. Yule binti wa Konde tulimpa upepeo, akae nyuma ya kiti cha mfalme. Neno hata moja hakuwa nalo. Alipepea mchezo mzima, macho yake yakimfuata kila anayeingia na anayetoka. Msimu uliofuata, kwenye Kinjeketile, tukamweka nyuma ya kanga na kitabu, awanong'oneze waliopotewa na maneno. Kufika siku ya kucheza alikuwa ameihifadhi tamthilia nzima, maneno ya kila mtu. Msimu wa tatu ndipo akawa Bi Kirembwe, mtawala katika tamthilia ya Kivuli Kinaishi. Sasa niambie, igizo la dakika kumi lingemfikisha wapi mtoto yule? Angeshika upepeo, wageni wangepiga makofi, soda zingenywewa, basi.

Ndiyo maana kila siku nasema msimu. Mchezo mmoja unaweza kumpa mtu yeyote, mwenye sauti kubwa ataupita. Msimu juu ya msimu ndio unaompa mwanafunzi nafasi ya kutazama, kisha kusaidia, kisha kubeba. Na wale wa mwaka wa pili ndio wanaowafundisha wa mwaka wa kwanza. Mimi na wewe tulikuwa tunakaa pembeni tu tukirekebisha. Ukikata hapo, yale waliyojifunza wakubwa yanaondoka nao siku ya mahafali.

Bi Kirembwe wetu, kwa taarifa yako, ameolewa Wete na anasomesha. Kitunda wetu wa Kinjeketile yuko Mkoani, amenenepa. Yule aliyekuwa akilia kila akivaa kilemba usiniulize, nitakusimulia uso kwa uso.

Narudi kwenye barua. Wanasema muda. Lakini nani anayeujua muda wa kisiwa hiki kuliko sisi? Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na sasa imeingia Februari, kwa hiyo mchezo wa kwanza tunaumaliza Januari, baada ya sherehe za Mapinduzi. Vuli karafuu zikizaa vizuri, nusu ya vijana wako juu ya mikarafuu na nusu wako majamvini wanaanika, nasi hapo tunasoma kitabu tu, wanne watano, bila ya kusimamisha mtu. Baada ya Idi inakuja masika. Mchezo wa mwisho ni Julai, kukiwa kukavu. Mazoezi baada ya Alasiri, Magharibi kila binti yuko njiani na mwenzake kurudi kwao. Ni mzazi gani aliyewahi kuja kulalamika? Wewe mwenyewe ulipita nyumba kwa nyumba kuwaombea ruhusa, na wale mama waliokuwa wakali kuliko wote ndio waliokuja kukaa mstari wa mbele.

Wanasema ukumbi. Shoga, ukumbi tuliuacha tangu siku ile ya mvua, bati linapiga kelele hadi Kinjeketile anafungua mdomo na hatumsikii. Tukatoka nje, tukatandika majamvi chini ya mwembe, watu pande tatu, wanawake huku na wanaume kule, na jukwaa ni mchanga uliofagiliwa. Hatujauomba ukumbi tena. Vijana wamejifunza kutoa sauti tumboni, bila ya kipaza sauti, na kugeuka ili kila upande uuone uso.

Usidhani nayadharau maigizo ya semina. Lile la chandarua tulilolicheza Mkoani liliwafaa watu, niliona kwa macho yangu kina mama wakiulizana maswali baada yake. Ila lile lilikuwa zuri kwa sababu waliolicheza walikuwa wametoka kwenye tamthilia. Walijua kusimama na kungoja mwenzao amalize. Na kuna jambo jengine. Igizo la semina lina jibu lake kabla halijaanza: baba mbaya, mama anayelia, muuguzi anaeleza, wote wanasema ndiyo. Kinjeketile haina jibu hilo. Ebrahim Hussein aliiandika 1969 juu ya vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905, na mwishoni mtu yuko mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Alifanya vyema au aliwadhulumu waliokufa? Unakumbuka wazee walivyobishana pale nje hadi Isha ikaadhiniwa, na baada ya sala wakarudi kuendelea? Yule mzee wa kahawa hadi leo akiniona ananiambia, "Mwalimu, mimi ningesema." Miaka imepita na bado anajibu.

Na Kivuli Kinaishi, je? Said Ahmed Mohamed ameiandika, imetoka 1990, na mji wake ni Giningi, mji wa wachawi wa hadithi zetu. Watu wa huku hawahitaji kuelezwa Giningi ni wapi, bibi zetu walitutishia nayo tulipokataa kulala. Jina lile lilipotoka kinywani mwa mtu jukwaani, ua mzima ulinyamaza. Kisha Bi Kirembwe wetu akatoka. Kavaa buibui la marehemu bibi yake, lile la kizamani la kufunga kichwani, anakwenda polepole katikati ya watu waliokaa chini, viatu kavua. Akamwinamia mzee mmoja wa mbele, akamwuliza kwa upole kabisa kama ameshiba. Mzee akajibu, "Nimeshiba, mama," na sauti yake ikatetemeka. Swali lile halimo kitabuni. Alilitia mwenyewe siku za mazoezi, ukaniambia tumwachie. Ungekuwa na wiki moja ya kutayarisha igizo la wageni usingemwachia, ungemwambia ashike maneno yake na afanye haraka.

Sasa nikwambie la mwaka huu, maana hilo ndilo linaloniuma zaidi. Vijana wameanza tamthilia yao wenyewe. Ni ndugu wawili, baba kafa, ardhi imekuwa ya mmoja na mikarafuu imekuwa ya mwengine. Unajua kwetu mti na shamba vinaweza kuwa na wenyewe mbalimbali, na unajua nyumba ngapi hazisalimiani kwa hilo. Ugomvi wa ndugu hao wanataka kuufanya kwa kibati, ile ngoma yetu ya kujibizana maneno. Nikamwendea mzee mmoja wa kibati, akakubali kuja, na ngoma zake akazileta kwa baskeli. Wakazipasha moto ngozi, wakapiga, vijana wakaanza kurushiana maneno kwa ile kasi ya kibati, wanacheka, wamefurahi. Mzee akanyanyua mkono, ngoma zikasimama. Akasema, "Huyu hajamjibu mwenzake. Kaleta lake la nyumbani." Wakaanza tena. Akawasimamisha tena. Siku nzima ile ikaenda hivyo, na ya pili, na wiki ikaisha. Kila mmoja alikuwa amekuja na maneno aliyoyatunga usiku, anangoja zamu ayatoe. Mzee anataka asikie kwanza neno la mwenziwe, ndipo la kwake lizaliwe pale pale.

Juzi ndipo ikatoka. Kijana wa Kojani, aliyepewa ardhi, alirusha neno juu ya kivuli cha mikarafuu kumharibia muhogo wake, na binti anayecheza dada yake hakuwa na neno lililotayarishwa. Nilimwona midomo inafunguka na kufunga. Ngoma zinakwenda. Akamjibu kwamba kivuli hicho ndicho alicholazwa nduguye huyo akiwa mtoto mchanga, mama yao alipokuwa akichambua karafuu. Yule kijana akakosa la kusema, kweli, na kukosa kwake kukawa ndiyo mchezo. Mzee hakunyanyua mkono. Nilitamani uwe pale, wallahi.

Na hilo ndilo litakalokatwa mwanzo, kwa sababu halina dakika kumi na halina mradi wa kulilipia.

Mwezi ujao, kabla ratiba haijafungwa, nimepewa nafasi ya kusema mbele ya kamati. Nimepanga kuwapelekea msimu kamili umeandikwa. Januari tufungue na Mashetani ya Ebrahim Hussein: Juma na Kitaru, marafiki wawili na yale yaliyo baina yao, maleba machache, wa mwaka wa kwanza wataiweza. Baada ya Idi tusome na kufanya mazoezi ya ile ya mikarafuu, na ikiiva tuicheze mvua zikipungua. Julai tufunge na Kivuli Kinaishi. Maalim bado anaililia tamthilia ya Aliyeonja Pepo, lakini ndani yake mna malaika, na wapo wazee kwenye kamati ambao hawatakubali malaika aigizwe. Nawaheshimu katika hilo, sitaipeleka. Na maigizo ya semina nitasema tutayafanya, mawili matatu kwa mwaka, na watakaoyacheza ni hao hao wa kwenye msimu.

Ninachotaka kwako ni vitu viwili. Kwanza, ile nakala yako ya Kivuli Kinaishi, yenye alama zako za penseli: nani asimame wapi, wapi tulikata, wapi Bi Kirembwe anyamaze. Madukani nimetafuta sijaipata, na hata ningeipata isingekuwa na penseli yako. Mpe dada wa Bi Kirembwe, atapanda meli ya usiku baada ya mwisho wa mwezi, mifuko yake iko salama. Pili, niandikie kurasa mbili za kuisomea kamati. Usiwasifie sanaa kwa jumla, watasinzia. Waandikie juu ya yule binti na upepeo, na namna anavyosimama leo mbele ya darasa Wete. Wewe ulikwenda kumwona akisomesha, mimi bado.

Na nijibu haya, usiyaruke kama kawaida yako. Unaonaje Mashetani kwa kufungulia, si nzito mno kwa watoto wapya? Au tuirudie Mfalme Juha, watu wacheke kwanza? Ule mwisho wa Kivuli Kinaishi tuliuchezaje, taa zilizimwa kabla au baada ya wote kutoka? Mimi nakumbuka hivi, Kitunda anakumbuka vile, na sote wawili tunaapa. Yale makanga mekundu ya pazia ulikwenda nayo Unguja au yamebaki kwa mama yako Tibirinzi? Hao watoto wako wa Fuoni, umeshawaanzishia kikundi au uongozi wa huko nao hautaki? Na kama kamati ikinikatalia, nikiwapeleka vijana hawa kuicheza hiyo ya mikarafuu kwenye kiwanja cha mtaa, kwa jina letu wenyewe, utakuja kusimama na mimi?

Wasalimie wote nyumbani. Mama mkwe mwambie mafuta ya karafuu kwa mguu wake nimeshayatia chupani, yatakuja kwa mkono wa huyo huyo dada akirudi.

Ni mimi, shoga yako wa Chake