Huyo mama wa kwenye mchoro alivukia wapi?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nikiwa karani kijana mjini, na katika miaka yote hiyo sijapata kukuandikia hata mstari mmoja. Safari hii uvumilivu umenishinda. Ule mchoro mlioutoa Jumatatu iliyopita, wa kipilefti cha Mnara wa Askari kilichogeuzwa bustani ya mapumziko yenye mabenchi, miavuli na mama anayesukuma kigari cha mtoto, unapendeza sana, ila aliyeuchora amesahau kutuonyesha huyo mama alivukia wapi.

Nasema hivyo kwa sababu nimejaribu. Mwezi uliopita nilimchukua mjukuu wangu wa miaka minane nikamwonyeshe sanamu hiyo, ambayo sisi wa zamani tunaiita Bismini: askari wa shaba aliyesimamishwa pale mwaka 1927, bayoneti ikielekea bandarini, kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Nilitaka asome mwenyewe maandishi ya Kiswahili yaliyo chini ya askari huyo. Tulisimama ukingoni mwa barabara ya Samora, nimemshika mkono, tukingoja magari yaachie upenyo. Hili likipita lile limeshafika, na yakipungua kidogo inachomoza bodaboda kutoka upande ambao hakuna chombo kinachoruhusiwa kutokea, na dereva mmoja, aliyekuwa ametuona vizuri kabisa, akatupigia honi kana kwamba tumeingia sebuleni kwake bila kupiga hodi. Tulipothubutu kushuka, ndala ya mtoto ilibaki kwenye lami, ikakanyagwa na magari matatu huku tunaitazama, nasi tukarudi tulikotoka. Mtoto akaniuliza, “Babu, yule askari yeye alivukaje?” Sikuwa na jibu.

Tena hata huko ukingoni hapasimamiki. Njia ya waenda kwa miguu imejaa magari yaliyopandisha matairi mawili juu, na kijana wa maegesho anapita akiyatoza kwa mashine yake. Mwenye miguu anashushwa barabarani, na siku akigongwa ataulizwa alikuwa akitafuta nini huko.

Bustani siikatai. Lakini kisiwa kilichozingirwa na magari pande zote hakiwi uwanja wa watu hata kikipandwa mawaridi. London, ambako tunapenda kuiga hata yasiyotufaa, walipotaka watu waufikie uwanja wa Trafalgar waliifunga kwa magari barabara ya upande wake wa kaskazini, mwaka 2003. Nasi tufunge kipande kimoja cha Samora, japo kwa Jumapili tu, tuone kama mji utaanguka. Wakikataa, basi wabunifu wa mradi waje Ijumaa saa kumi na moja jioni, bila trafiki wa kuwasimamishia magari, kila mmoja akiwa na mtoto mkononi na benchi kichwani, wavuke. Benchi litakalofika salama, rangi yake nitailipia mimi.

Babu wa Upanga,
Dar es Salaam