SHA: Mama mboga aruhusiwe kulipa kidogo kidogo

Mhariri,

Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma nchini Kenya, ichukue nafasi ya NHIF, mfuko wa bima wa zamani, Oktoba 2024, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Mama mboga hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini, shilingi 300 kwa mwezi, kinakuwa 3,600 mara moja, na hizo ndizo pesa za kufuata mboga Marikiti alfajiri. Basi wengi hubonyeza *147#, wakajisajili, wakaishia hapo. Usajili pekee unamtosha kwenye zahanati na kituo cha afya. Akilazwa hospitali kubwa bila mchango, bili ni yake. Mkopo wa kulipia upo, lakini kwa nini akope ili achangie? Shilingi 10 kwa siku kupitia M-Pesa zinafika 3,650 kwa mwaka. Mfumo uzipokee.

Msomaji,
Nairobi