Wakala alisema bakapu imekamilika, matawi hayakuwemo

Mteja wetu mmoja ana timu ya watu watano wanaotengeneza programu ya mauzo ya maduka. Alitupigia simu usiku, repo yao, yaani ghala la msimbo wa programu pamoja na historia ya mabadiliko yake, imefutwa kwenye seva kwa bahati mbaya. Hakuwa na wasiwasi sana, maana kwa wiki saba wakala wao wa AI, programu inayopokea maagizo ya maneno na kuyatekeleza kwa zana ilizopewa, alikuwa akichukua bakapu kila jioni na kuandika: "Bakapu imekamilika."

Tulipoifungua ile nakala tulikuta tawi kuu peke yake (tawi ni mstari wa kazi unaoendelea kando na mingine ndani ya repo), nalo lina badiliko la mwisho tu, historia yote ya nyuma haipo. Tawi la malipo ya simu, kazi ya wiki tano, halimo. Kilichowaokoa ni laptopu ya kijana aliyekuwa likizo nyumbani kwao, bado ina kila kitu.

Wakala hakudanganya. Alikuwa amepewa zana mbili. Ya kwanza iliitwa nakili_repo, maelezo yake "Hunakili repo." Ya pili hifadhi_repo, maelezo yake "Huhifadhi repo." Ndani ya ile ya kwanza kuna git clone --depth 1, amri ya Git (programu inayotunza matoleo ya msimbo) inayochukua tawi moja na badiliko la mwisho, nzuri kwa kusoma msimbo haraka. Ndani ya ya pili kuna --mirror, inayobeba matawi yote na lebo zote, yaani majina yanayobandikwa kwenye matoleo. Aliyeziandika alizijua vizuri. Lakini wakala haoni msimbo ulio ndani ya zana. Anapewa jina, maelezo na vigezo, basi, na kwa hayo ndiyo anachagua. Huyu alichagua nakili_repo. Hata ukiunganisha zana kwa MCP, itifaki ya kuunganisha mawakala na zana iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, mambo ni hayo hayo.

Ya kwanza tukaiita soma_repo_haraka. Ya pili tuliiandika upya hivi:

"bakapu_kamili_ya_repo: Hutengeneza bakapu ya repo moja ya Git ikiwa na matawi yote, lebo zote na historia yote. Tumia mtu anapoomba bakapu, au kabla ya kazi inayoweza kufuta kitu. Usiitumie kwa kusoma msimbo tu; tumia soma_repo_haraka. Haichukui mafaili makubwa ya Git LFS, wala tiketi na maoni yaliyo kwenye tovuti inayotunza repo. Haifuti chochote. Hurudisha idadi ya matawi, idadi ya lebo, ukubwa wa faili na majibu ya git bundle verify, amri inayokagua kama faili la bakapu ni zima."

Sentensi inayoanza na "Haichukui" ndiyo tunayoipigania kwa kila mteja. Picha na video zikiwekwa kwa LFS, nyongeza ya Git ya kutunza mafaili makubwa, ndani ya repo hubaki kijifaili kidogo kinachoonyesha tu faili halisi iko wapi. Ukinakili kwa --mirror unapata hivyo vijifaili. Mafaili yenyewe yanataka git lfs fetch --all. Wakala asipoambiwa hivyo, atamhakikishia bosi kwamba kila kitu kiko salama.

Neno "hifadhi" tuliliondoa kwenye jina kwa makusudi. Kwenye Kiswahili chetu cha ofisini mtu akisema "hifadhi kazi ya leo" anaweza kuwa anataka faili lisaviwe, au mabadiliko yapelekwe kwenye seva, au bakapu ichukuliwe. Binadamu aliyekaa meza ya pili anaelewa kwa kuangalia saa na sura. Wakala ana maneno tu, kwa hiyo tunamwandikia kabisa: mtu akisema "hifadhi" bila kufafanua, muulize kwanza.

Kuna zana moja inayotutia hofu kuliko zote, ile ya kusawazisha. git push --mirror huifanya repo ya upande wa pili ifanane na ya kwanza, ikiwa ni pamoja na kufuta tawi lolote ambalo upande wa kwanza halipo. Sasa fikiria mtu amefuta matawi asubuhi kwa makosa, jioni wakala anasawazisha: bakapu nayo imeyapoteza. Maelezo ya zana hiyo yaanze na neno "HUFUTA". Na hata hivyo maelezo si kufuli. Ufunguo anaopewa wakala usiwe na ruhusa ya kufuta kwenye ghala la bakapu.

Majibu ya zana nayo yanahitaji uangalifu huo huo. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza repo za watu mtandaoni, alifuta data za hifadhidata kwenye seva ambayo siyo. Walipokimbilia bakapu ya kila siku wakakuta imekuwa ikishindwa kimya kimya, kwa kuwa toleo la pg_dump, programu ya kuchukua nakala ya hifadhidata, halikulingana na toleo la hifadhidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa. Walirejea kwa nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono kiasi cha saa 6 kabla. Ndiyo maana zana zetu hazijibu "imekamilika" peke yake. Jana matawi 14, leo 1: namba hiyo mtu ataiona, na wakala ataiona pia.

Ukituletea zana zako, tunaanza kwa kukaa na wafanyakazi wako na kuandika maagizo kama wanavyoyatamka wao, Kiswahili kilichochanganyika na kila kitu. Tunampa wakala maagizo hayo kwenye repo ya majaribio, tunaangalia anashika zana ipi, kisha tunarejesha bakapu aliyoichukua kwenye kompyuta tupu na kuhesabu matawi mbele yako.