Mshiko wa marimba uchaguliwe kwa mkono wa mtoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie jambo ambalo huenda wasomaji wengi wanaliona dogo, ila mimi limeninyima usingizi: namna watoto wetu wanavyoambiwa washike vijiti vya marimba.

Mimi ni fundi seremala wa Keko Magurumbasi. Makabati na vitanda ndivyo vinavyonilisha, lakini kwa miaka 19 sasa nachonga pia vijiti vya kupigia marimba kwa vikundi vya ngoma, kwaya na shule. Nasema marimba ya vibao, si ile ya mkononi ya Wagogo aliyoipiga hayati Hukwe Zawose.

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa darasa la sita aliingia shindano la muziki la shule. Alipiga kwa vijiti vinne, viwili kila mkono, vikipishana ndani ya kiganja kama nilivyomfundisha. Alipomaliza, jaji mmoja akamwambia mbele ya ukumbi mzima kwamba huo si mshiko, akamwonyesha mwingine na kumkata alama. Mtoto akarudi nyumbani akaanza kujilazimisha. Wiki ya pili alikuwa na lengelenge limepasuka kati ya kidole cha kati na cha pete, na kijiti chake cha nje hakisikiki. Akaniuliza, "Babu, kwani mkono wangu una kasoro?" Swali hilo ndilo lililonikalisha kuandika.

Mshiko alioonyeshwa ni wa Leigh Howard Stevens, Mmarekani aliyeuendeleza kutoka mshiko wa Mmarekani mwenzake, Clair Omar Musser, na kuueleza katika kitabu chake cha mafunzo cha mwaka 1979. Vijiti havigusani kabisa. Cha nje kinapita kati ya kidole cha kati na cha pete, kikibanwa na vidole viwili vya mwisho. Cha ndani kinashikwa kwa gumba na kidole cha shahada, mwisho wake ukiegemea kiganjani. Mkono unasimama, gumba juu, kama wa mtu anayekuja kukusalimia. Ni mshiko mzuri. Yupo kijana mmoja wa Chang'ombe anayenunua vijiti kwangu, ana vidole virefu, na kwa mkono mmoja tu anatikisa noti mbili mfululizo mpaka zinalia kama noti moja ndefu. Kupanua vijiti kufikia vibao vya mbali, hasa upande wa besi ambako vibao ni vipana, kwake ni kazi nyepesi. Lakini uzito wote wa kijiti cha nje unabebwa na kidole cha mwisho na jirani yake, na mtoto wa miaka kumi na mmoja vidole hivyo bado havijakomaa.

Mshiko wa kupishanisha una historia yake pia. Keiko Abe wa Japani ameipigia marimba dunia nzima kwa mshiko wa kupishanisha. Gary Burton, mpiga vibrafoni (ala ya vibao vya chuma) wa jazi, naye alikuwa akipishanisha, ila mpangilio wa vijiti vyake kiganjani ni kinyume cha ule wa zamani wa kupishanisha, na wengi wanaupenda kwa kuwa vijiti vinakaa imara na pigo linatoka na nguvu. Kupishanisha kuna gharama zake: vijiti vinasuguana, na kukisogeza kimoja peke yake bila kukigusa cha pili ni vigumu zaidi. Anayetaka muziki ambao kila kijiti kina njia yake, huko mbele atautamani ule wa Stevens. Huko mbele, siyo leo, na siyo kwa kuaibishwa.

Tena kuna jambo ambalo nalijua kwa sababu nachonga. Mshiko na kijiti huenda pamoja. Wanaopishanisha wengi hutaka vijiti vya henzirani, ile fimbo ya viti vya kusukwa, kwa kuwa inapinda kidogo na kumrudishia mpigaji pigo lake. Wanaotumia wa Stevens hutaka mti mnyoofu usiopinda, na hutaka urefu kamili, sentimita 42 au 43, kwa kuwa wanashika karibu na mwisho. Anayepishanisha hushika juu zaidi, mkia unabaki nyuma ya mkono. Mjukuu wangu vijiti vyake ni vya henzirani, nilivikata hadi sentimita 37 ili mikia isimgonge kwenye kifundo cha mkono. Ukimbadilishia mshiko na vijiti vilevile ukamwachia, umempa kazi ambayo hata mtu mzima angeshindwa.

Nami nauliza, haraka ya vijiti vinne inatoka wapi? Wamakonde kwenye marimba yao iitwayo dimbila, Wachopi wa Msumbiji kwenye timbila, Waganda kwenye amadinda, kila mpigaji ana vijiti viwili, kimoja kila mkono, na muziki wao umejaa kuliko bendi nyingi. Amadinda watu wanakaa pande mbili za vibao vilevile, mmoja akijaza mapengo ya mwenzake. Mtoto akikaa mwaka mzima na vijiti viwili, akajifunza kuachia mkono udunde wenyewe badala ya kukandamiza kibao, vinne vitamjia kwa wepesi.

Akija mzazi kibandani kwangu na mwanawe, simuulizi anataka mshiko gani. Nampa mtoto vijiti vya kila aina, vichwa vya vijiti nimevizungushia nyuzi za kufumia nilizonunua Kariakoo, anagonga vibao vya majaribio kwa dakika kumi. Natazama bega: likipanda, mshiko haujamfaa. Natazama vifundo vya vidole vikiwa vyeupe kwa kubana. Kisha nafumba macho nisikilize kama vijiti vyote vinne vinalia sawa.

Ombi langu kwa waandaaji wa mashindano ya mwaka huu ni moja. Kwenye karatasi za majaji wafute alama za mshiko, waweke za sauti na ulinganifu wa mapigo. Na jaji mwenye la kumfunza mtoto amwite pembeni, na mwalimu wake awepo.

Lengelenge limepona. Jumamosi mjukuu wangu ameshika tena vijiti vyake vya sentimita 37, vikipishana.

Fundi wa vijiti,
Keko Magurumbasi, Dar es Salaam