Shukrani kwa mama wa Makoroboi

Mama yangu, sikukuuliza jina, na hilo linaniuma. Mimi ni yule binti uliyemkuta Jumamosi asubuhi barazani kwa fundi cherehani, Makoroboi, hapa Mwanza, akiomba vipande vya kitenge. Nilikuwa na makopo mawili matupu ya maziwa ya unga, nikitaka kuyavika kitenge yawe zawadi, na shilingi 2,000. Mchana nilitakiwa kupanda meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, kwenda kumpa hongera dada yangu aliyejifungua.

Ulitua mzigo wako wa dagaa, ukashika kopo, ukapitisha kidole ukingoni. "Hili litamkata mtoto." Ukaazima nyundo, ukagonga ule ukingo kwa ndani, taratibu, mpaka ukalala kabisa. Mimi nisingewaza. Kisha ukapika gundi kwenye jiko la mama ntilie wa jirani: unga wa ngano ukorogwe kwanza na maji baridi usishike madonge, ndipo moto, na chumvi kidogo. Na kitenge, ukasema, kizidi kopo vidole viwili juu na chini, kikunjwe.

Sasa kopo moja lina pini za nepi, jingine mafuta ya mtoto. Shemeji aliuliza nimenunua duka gani!

Nilikupa 1,000, ukakataa, ukajitwisha dagaa wako ukaondoka. Asante sana, mama, asante mno. Nimepita pale mara tatu bila kukuona. Ukisoma haya, au mwanao akikusomea, kopo la tatu ni lako, la kitenge cha bluu. Nimeliacha kwa fundi.