Ratiba yako nimeikunja: barua kutoka Cádiz

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi na mama yako mdogo tu wazima, miguu tu ndiyo inalalamika. Ile ratiba uliyotupangia, leo Toledo, kesho Granada, keshokutwa Barcelona kwa ndege ya alfajiri, nimeikunja nikaitia chini ya sanduku. Tuko Cádiz, kusini mwa Hispania, na hapa hatutoki mpaka siku ya kurudi Tanga. Usinune, soma kwanza.

Mji wenyewe umezungukwa na bahari karibu pande zote, umeshikana na bara kwa ukanda mwembamba wa mchanga. Walioujenga ni Wafoinike, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, wakauita Gadir. Mji mkongwe unaumaliza kwa miguu asubuhi moja, ndiyo maana wageni wa meli za kitalii hushuka, wakapiga picha kuba la manjano la kanisa kuu, na jioni wameshaondoka. Lile kanisa lilianza kujengwa 1722 likaisha 1838; waliomalizia walitumia jiwe jingine, na rangi inawasuta mpaka leo. Ila mimi kilichonishika ni kuta za kawaida. Nilikuwa nimeegemea ukuta kupumzika, nikahisi kitu kinanikwaruza mkono. Kutazama, ni kombe la chaza, zima, limetokeza kwenye jiwe. Pembeni yake jingine, na jingine. Jiwe hilo wanaliita piedra ostionera: mchanga na makombe yaliyogandamana baharini tangu enzi na enzi. Nusu ya mji umesimama juu ya chaza. Na sisi tuliokulia kwenye nyumba za matumbawe, tungepitaje bila kupapasa?

Asubuhi tunakwenda sokoni, Mercado Central. Samaki wako katikati ya jengo. Nilivyoona watu wametawanyika hovyo mbele ya meza nikajua hapa ni kusukumana tu. Kumbe foleni ipo, ila haionekani. Ukifika unauliza, "¿El último?", nani wa mwisho? Mtu anainua kidole. Unaikariri sura yake, basi. Akishahudumiwa yeye, zamu ni yako, hata ukienda kununua nyanya ukarudi. Juzi bibi mmoja alinishika mkono akanirudisha mbele, maana kijana alitaka kunipita. Sikuelewa alichomwambia, lakini yule kijana alielewa vizuri sana.

Huu ni mwezi wa Mei, jodari ndio wenyewe. Wanatoka Atlantiki kuingia Mediterania kutaga mayai, wanapita kando ya pwani hii, na wavuvi wa Conil, Zahara na Barbate huwategea almadraba, nyavu kubwa zilizofungwa kwa nanga zinazowaongoza hadi chumba cha mwisho. Jodari mmoja anaweza kupita kilo 200. Papa nao wanawaloweka kwa siki, kitunguu saumu na bizari nyembamba, kisha wanakaanga. Na zipo tortillitas za uduvi na unga wa dengu, nyembamba, kingo zinavunjika kama bajia za mama Ngamiani. Mama yako mdogo huuliza kwanza mafuta yamekaangia nini. Nguruwe hapa yuko kila kona.

Saa nane mchana maduka mengi yanafungwa mpaka saa kumi na moja hivi. Mwanzoni ilinikera, sasa nalala. Magharibi yenyewe inaingia saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo jioni ni ndefu kupita kiasi. Tunateremka ufukwe wa La Caleta, kati ya ngome mbili, maji yakiwa yamekupwa na mashua zimelalia ubavu. Kina mama watu wazima wanakuja na viti na meza zao, wanacheza bingo. Pepo wanazijua kwa majina: poniente ya magharibi inaleta ubaridi, levante ya mashariki inaleta joto, na ikivuma levante kila ugomvi wa nyumbani inasingiziwa yenyewe.

Nyuma ya ufukwe ni mtaa wa La Viña. Tetemeko la Lisbon la tarehe 1 Novemba 1755 lilileta wimbi kubwa hadi huku, na wenyeji husimulia kuwa maji yaliishia kwenye barabara ya La Palma, pale padri alipotoka na bendera ya Bikira Maria. Mpaka leo tarehe hiyo wanaikumbuka kwa maandamano. Nisingelijua hili kwa kupita. Nilielezwa na muuza mikate, kwa mikono zaidi kuliko maneno, kwa sababu ananiona kila siku.

Kesho tutavuka na boti kwenda El Puerto de Santa María, nusu saa tu, turudi kabla ya chakula cha mchana. Tiketi za Granada kama zinarudishika, zirudishe, hela ulipie umeme wa nyumbani. Na baba yako mkumbushe dawa ya presha. Nikimuuliza mimi kwenye simu anasema ameshakunywa.

Mama yako